Altezza Inatesa Kijiweni, Lakini Breki Je?

Msomaji wangu, ukitaka kujua kama kijana wa Kinondoni kapata hela, usimtazame viatu. Tega sikio. Kabla hujamwona utakuwa umeshamsikia. Kwanza sabufa: dum, dum, dum, mpaka vioo vya duka la Mangi vinatetemeka. Halafu eksozi inakoroma kama mzee aliyelala chali. Mwisho ndiyo inachomoza yenyewe pale kona, Altezza rangi ya fedha, imeshushwa mpaka inataka kulamba lami, rimu zinawaka, chini ya bodi kuna taa za bluu utadhani ukumbi wa harusi.

Ebwana eeh! Hapo kijiwe kizima kinasimama. Draft inaachwa, kahawa inapoa, na hata yule jamaa anayedai watu hela yake anasahau madeni kwa dakika mbili.

Sina wivu jamani, wala sijaja kuwasema vibaya wenye ndinga zao. Mimi mwenyewe nimekaa kiti cha mbele cha gari kama hilo, kioo kimeshushwa, kiwiko nje, nauza sura kama vile kadi ya gari ina jina langu. Lakini leo nataka tuongee jambo moja ambalo pale kijiweni haliulizwi. Rimu umenunua wapi? Watu watakuuliza. Sabufa ya wati ngapi? Watakuuliza. Spoila umebandikiwa na fundi gani? Watakuuliza na namba ya simu wataomba. Ila hakuna hata mmoja atakayekuuliza: “Mshikaji, breki pedi ulibadilisha lini?”

Na mimi sikuuliza. Ndiyo maana naandika.

LILIPAMBWA TANGU KIWANDANI

Kwanza tujue tunaongelea mchuma gani. Toyota waliizindua Altezza kule Japani mwaka 1998, wakaendelea kuitengeneza mpaka 2005. Ulaya na Marekani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Mkuu wa wahandisi wake alikuwa Nobuaki Katayama, na gari lilipotoka tu likachukua tuzo ya gari bora la mwaka la Japani ya 1998/99. Siyo gari la kubabaisha.

Zinazojulikana zaidi ni mbili. Ipo AS200 yenye injini ya silinda 6, nguvu za farasi 160. Halafu ipo RS200 yenye silinda 4 tu, lakini ile ya gia za mkono inafika farasi 210. Zote ni lita 2, na zote zinasukumwa na matairi ya nyuma. Hilo neno “nyuma” lishike vizuri, tutalirudia baadaye.

Ukikaa kwenye usukani, saa ya spidi ina visaa vidogo ndani yake, kama saa ya mkononi ya kibosile. Na zile taa za nyuma, kioo cheupe na duara nyekundu kwa ndani, ziliwatoa watu roho. Zikaigwa dunia nzima. Mpaka wa Marekani wakizibandika taa za mtindo ule kwenye gari lolote lile, hata kama siyo Toyota, wanaziita taa za Altezza. Sinema ya The Fast and the Furious ilipotoka mwaka 2001, moto wa kupamba magari ya Kijapani ukawaka kila mahali, na cheche zake zikafika mpaka huku kwetu.

Sasa piga hesabu na mimi. Kama ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2005, basi hata ile changa kuliko zote ina miaka 20 au zaidi. Imekula baridi ya Japani, imevuka bahari, ikaja kula joto, chumvi na matuta ya Dar. Wamiliki wake hapa mjini mwenyewe ukiwahesabu utachoka. Nyingi bado zina namba C na namba D, na kila aliyelimiliki aliongeza kitu chake na kuacha ugonjwa wake.

Ndiyo hilo analonunua kijana wetu. Ananunua mzee aliyevaa suti kali.

USIKU WA KAWAWA

Nina mshikaji wangu, tumemaliza naye Form Four. Jina lake halina kazi hapa, mwite mshikaji inatosha. Alikuwa na meza ya vifaa vya simu Kariakoo, akabana matumizi miaka mitatu, chipsi kavu bila mayai, mpaka akanunua Altezza. AS200, ya fedha, namba C. Siku ya kwanza alipoileta mtaani mama yake alitoka na maji kwenye kikombe akainyunyizia boneti, akaomba dua.

Wiki mbili baadaye tukawa na mkwanja kidogo wa kulifanyia gari kitu. Akaniuliza: “Sasa mwanangu, tuanze na nini? Fundi kaniambia pedi zimeisha na matairi ya nyuma yamechoka. Lakini kuna sabufa nimeiona Gerezani, inatisha.”

Msomaji wangu, mimi ndiye niliyesema sabufa. Nilisema kwa sauti, huku nacheka: “Breki nani anaziona?”

Tukafunga sabufa. Mwezi uliofuata rimu za inchi 18, zikaja na matairi ya mtumba. Halafu spoila. Halafu taa za bluu. Kila Jumapili tuko Coco Beach, tunakula mihogo na mishikaki, milango ya gari iko wazi, muziki unapiga, watu wanapiga picha. Tulitesa bwana, nisiwe mwongo. Tulitesa miezi minne.

Jumapili moja ya masika tunarudi kutoka Coco, saa mbili usiku. Mvua siyo kubwa, ni yale manyunyu ya kulowesha lami tu. Tukapita mataa ya Morocco, tukaingia Kawawa, mshikaji akakanyaga. Hakukimbia sana, kama sabini hivi. Kabla ya kufika Mkwajuni kuna bajaji mbele, ikasimama ghafla kushusha abiria. Mshikaji akakanyaga breki. Nikaona mguu wake unaenda chini, na unaendelea kwenda chini. Akakanyaga mara ya pili kwa nguvu zote. Hapo breki ikashika, lakini mkia wa gari ukatoka. Nyuma ikataka kuja mbele. Tukaingia kwa ubavu kwenye ile bajaji.

Abiria alikuwa ameshashuka, Mungu mkubwa. Dereva wa bajaji alivunjika mguu. Ni kijana kama sisi, ana mke na mtoto mchanga, na bajaji yenyewe siyo yake, anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Alipolala pale chini alikuwa halii mguu. Alikuwa analia bajaji.

Na sabufa yetu ilikuwa bado inapiga. Dum, dum, dum. Hakuna aliyekumbuka kuizima.

Ile sabufa iliuzwa. Rimu zikauzwa. Spoila ilivunjikia pale pale. Hela ikaenda kwenye matibabu, matengenezo ya bajaji, na posho ya nyumbani kwa yule bwana mpaka aliposimama tena. Bima ya gari ilikuwepo, ile ndogo, lakini kufuatilia ni safari ndefu na mtoto hali karatasi. Mshikaji hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningejisikia nafuu.

“TUMTAZAME NG'OMBE MIGUU”

Gari likakaa miezi mitatu limefunikwa turubai. Siku tuliyoamua kuliamsha tukalipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima, gereji yake iko chini ya mwembe, mitaa ya Kinondoni ndani ndani huko. Hana bango. Ana jeki mbili na kigoda.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba wanangu. Mmeleta nini?”

“Altezza, mzee. Tunataka ipendeze tena. Tuanze na bampa?”

Mzee akalizunguka gari mara moja, mikono nyuma, kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Akasema: “Kabla ya kumvisha kengele shingoni, tumtazame ng'ombe miguu.”

Tangu siku hiyo nimekaa pale kwa mzee Jumamosi nyingi, nauliza mpaka ananiambia nimlipe ada. Haya ninayokupa hapa chini ndiyo niliyotoka nayo. Yafuate kwa mpangilio huu huu, kutoka chini kwenda juu.

TAIRI KWANZA, RIMU BAADAYE

Kiganja chako hicho, basi eneo la tairi moja linalogusa barabara ni kama hicho tu. Viganja vinne ndivyo vinavyoshika gari zima. Na Altezza inasukumwa na yale ya nyuma, kwa hiyo matairi ya nyuma yakiisha halafu lami ikalowa, mkia unatoka kama tulivyotoka sisi. Ile tabia ya kuweka matairi mazuri mbele na mabovu nyuma “kwa sababu hayaonekani” ni kujichimbia kaburi.

Ukinunua tairi, hasa la mtumba, tafuta ubavuni maneno DOT na mwisho wake namba nne. Zikiwa 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukikaa dukani. Unakauka, unapasuka nyufa ndogo ndogo, hata kama meno yake bado marefu. Halafu chungulia ndani ya mifereji, kuna vinundu vidogo vimekaa kimya. Meno yakilingana na hivyo vinundu, yamebaki milimita 1.6, tairi limekwisha. Usibishane nalo.

Sasa rimu. Najua ndipo mlipokuwa mnapasubiri. AS200 inaenda na tairi 205/55 rimu 16. RS200 zipo zilizokuja na 215/45 rimu 17. Ukitaka 18, watu wanafunga 225/40. Siri ni kwamba kila unapopanda rimu, mpira unapungua unene, ili gurudumu zima libaki karibu na kimo kile kile, kama sentimita 63 hivi. Ukivuruga hapo, saa ya spidi inakudanganya na tairi linasugua bodi ukikata kona.

Ila angalia huo mpira uliobaki. Kwenye rimu 16 kuna sentimita 11 za mpira kati ya chuma na shimo. Kwenye rimu 18 zimebaki 9. Barabara ya Ali Hassan Mwinyi utaona raha. Ukiingia mitaa yetu ya ndani, lile shimo la mbele ya kwa mama ntilie litakupindishia rimu ya laki kadhaa. Mzee anasema kwa mitaa yetu 17 ndiyo mwisho wa heshima: inapendeza, na bado unarudi nyumbani.

Kitu kingine: Altezza ina nati tano, na umbali wake ni milimita 114.3. Magari mengi ya Kijapani ni hivyo hivyo, kwa hiyo rimu utapata. Lakini tundu la katikati la Altezza ni milimita 60.1. Ukiletewa rimu yenye tundu kubwa zaidi, usukani utatetemeka ukifika themanini, na fundi atakuuzia boljointi ambazo wala hazikuwa na tatizo. Dawa yake ni bangili ya kujazia pale katikati, kitu cha bei ndogo sana. Kaulize kwanza kabla ya kulipa.

BREKI: HAPA NDIPO TULIPOCHEMSHA

Mguu wa mshikaji ulienda chini kwa sababu mbili. Pedi zilikuwa zimebaki bati, na mafuta ya breki hayakuwahi kubadilishwa, pengine tangu meli iliposhusha gari bandarini. Mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani, taratibu, mwaka hadi mwaka. Breki zikipata moto, yale maji yanageuka mvuke, na mvuke unabonyezeka. Unakanyaga unakuta hakuna kitu. Mzee alipoyatoa ya kwetu yalikuwa meusi kama kahawa ya kijiweni. Mapya yana rangi ya chai ya rangi iliyopauka. Badilisha kila baada ya miaka miwili. Chupa moja ya DOT 3 au DOT 4, kama ilivyoandikwa kwenye mfuniko wa kikopo chake, na saa moja ya fundi.

Pedi nunua za kueleweka. Kuna pedi sokoni ngumu kama kigae: hazishiki, na zinaila diski. Na diski ukiona ina ukingo pembeni kama sahani, imeisha. Usikubali ichongwe mpaka ibaki nyembamba kama mkate wa ufuta.

Unataka kutesa? Safisha kalipa zile, piga rangi nyekundu inayostahimili moto. Zikichungulia ndani ya rimu ni bomba kuliko spoila yoyote, na safari hii kuna kitu cha kweli nyuma ya rangi.

Halafu usisahau mkanda wa taimingi. Injini zote mbili za Altezza nilizozitaja zinautumia. Kawaida ni kuubadilisha kila kilomita laki moja. Kama uliyemnunulia hana kumbukumbu, basi hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Ukikata ukiwa njiani, gari linazima pale pale, na hapo ndipo utajua rafiki wa kweli wa kukusukuma.

KUSHUSHA SAWA, KUKATA SPRINGI HAPANA

Kuna mafundi ukiwaambia shusha gari wanachukua msumeno. Wanakata springi mizunguko miwili, shughuli imekwisha, leta hela. Noma hiyo! Springi iliyokatwa haikai tena kwenye kikombe chake vizuri, inaweza kuchomoka gari likiruka tuta. Shokapu nazo zinabaki zile zile ndefu, zinagonga mwisho mpaka zinatema mafuta. Altezza iliundwa na mikono ya chuma juu na chini kwa kila gurudumu, mbele na nyuma, ndiyo maana inakata kona kama inaserereka kwenye reli. Ukikata springi umeilipua sifa yake kubwa kuliko zote.

Kama lazima ushushe, nunua springi fupi zilizotengenezwa fupi, na shokapu zake. Sentimita 3 zinatosha kuziba lile pengo baya juu ya tairi. Ukizidisha, kila tuta la Mwananyamala utalipanda kwa ubavu kama kaa, na daladala nyuma wanakupigia honi na matusi juu.

Lakini kabla hata ya springi, badilisha bushi. Ni vijipira vya bei ya kawaida, na baada ya miaka 20 vimekufa vyote. Mzee alipotubadilishia, mshikaji aliendesha mpaka Magomeni na kurudi, akashuka akasema: “Hili siyo gari langu.” Lilikuwa lake, ila hakuwahi kulijua.

TAA NA WAYA

Taa za mbele za Altezza nyingi zimekuwa njano kama meno ya mvuta sigara. Ile ni plastiki, imechomwa na jua. Usikimbilie taa mpya. Nunua msasa wa maji namba 800, 1500 na 2000. Zungushia bodi gundi ya karatasi, sugua kwa maji kuanzia ule mkali kwenda ule laini, malizia na polishi, kisha pulizia kinga ya jua isirudi njano. Jumamosi moja tu. Gari linarudi ujana na usiku unaona unakokwenda. Hakuna pambo la bei poa kuliko hili, nakuapia.

Zile balbu kali nyeupe za kuingiza kwenye taa ambayo haikuundwa kwa ajili yake, achana nazo. Mwanga unatawanyika, unampofusha anayekuja mbele. Na anayekuja mbele anaweza kuwa roli. Vimulimuli, ving'ora na namba za 3D ndiyo kabisa, trafiki wanavifuata kama nzi na kidonda.

Muziki sikatazi, mimi siyo padri. Lakini uufunge kwa akili. Amplifaya ya wati 500 za kweli, kwenye betri ya volti 12, inavuta zaidi ya ampea 40. Ukiifungia waya mwembamba kama wa chaja ya simu, waya unapata moto chini ya kapeti, na hutajua mpaka uone moshi. Waya mnene, fyuzi karibu kabisa na betri, basi. Fundi waya akikuambia fyuzi siyo lazima, mwambie asante, washa gari, ondoka.

Na usukani? Ule mdogo wa mashindano unapendeza, sikatai. Ila ukiung'oa wa kiwandani umeng'oa na mfuko wa hewa uliokuwemo ndani yake. Siku ukigonga, kifua chako kitakutana na chuma. Shona ngozi mpya juu ya ule ule wa zamani. Mafundi wa kushona viti wanaifanya kazi hiyo vizuri sana, na mkononi unashika kitu laini.

DADA WA SINZA ALITUZIDI

Msije mkadhani mambo haya ni ya wanaume tu. Pale kwa mzee anakuja dada mmoja wa Sinza, ana Altezza nyeusi, RS200 ya gia za mkono. Masela wakimwona wanadhani kaazima gari la mchumba. Thubutu! Ana daftari kwenye droo ya gari: siku ya mafuta ya injini, siku ya pedi, namba za tairi, kila kitu na tarehe yake. Rimu zake ni zile zile za kiwandani, inchi 17, kazipeleka zikanyooshwa na kupigwa rangi ya kijivu. Taa kazisugua mwenyewe, nimeona kwa macho yangu. Viti kavishwa ngozi. Eksozi yake haipigi kelele. Nikamuuliza kwa nini asiitoboe ikakoroma kidogo.

Akanitazama juu chini. “Kaka yangu, nina mtoto wa miezi saba nyumbani. Narudi saa nne usiku. Unataka nimwamshe ili nani afurahi?”

Nikanyamaza. Nilikuwa sina jibu, na mpaka leo sina. Tena mzee akaniambia baadaye kwamba kutoboa eksozi peke yake kwenye injini ya kawaida kunaongeza kelele nyingi na nguvu kiduchu, kama zipo. Ni sawa na mtu kupiga kifua bila kupigana.

Siku moja tajiri mmoja alimfuata yule dada pale pale gerejini akataka kulinunua gari. Alifungua lile daftari, akasoma kurasa mbili, akaongeza dau bila kuombwa. Dada akakataa. Gari la mshikaji wangu, wakati lina sabufa, rimu 18 na taa za bluu, hakuna aliyewahi kuuliza bei.

TULIPOFIKA

Altezza ya mshikaji sasa inatembea. Imerudi kwenye rimu 16, matairi manne mapya ya aina moja, pedi, diski, mafuta ya breki, bushi, taa zimesuguliwa. Kalipa nyekundu nimepaka mimi mwenyewe kwa brashi, na mkono wangu siyo wa fundi rangi, lakini ukisimama mbali kidogo huoni. Redio ni ile ya kiwandani. Hela ya vyote hivyo haikufika hata nusu ya tuliyokuwa tumezika kwenye mapambo ya mwanzo.

Kijiweni hawasimami tena tukipita. Wengine wanauliza: “Vipi, mmefulia?” Mshikaji anacheka tu.

Ila yupo mtu mmoja anayelijua gari hilo kuliko kijiwe kizima. Juzi tumesimama mataa ya Morocco, bajaji ikaja ikasimama ubavuni kwetu. Dereva akatugeukia. Ni yule yule, mguu umepona, ingawa akitembea anachechemea kidogo. Akaitazama Altezza, akainama akachungulia kwenye rimu, akaona ile rangi nyekundu niliyoipaka ovyo.

“Breki mpya hizo?”

“Mpya,” mshikaji akajibu.

“Haya, tangulieni basi.”

Taa ikawaka kijani, tukaondoka taratibu.

Kwa hiyo msomaji wangu, wikiendi hii ukiwa na mkwanja wako mfukoni na umeiona sabufa inatisha pale Gerezani, sikuzuii. Nakuomba kitu kimoja tu. Kabla hujalipa, lala chini ya gari lako dakika tano, hata kama utachafua pamba. Kaangalie kinachokusimamisha. Kikiwa salama, nenda kachukue sabufa yako, na Jumapili tukutane Coco. Mihogo nitalipa mimi.